Mifuko Mitatu Kila Nyumba

Duilio Zanforlin alipanda Feltre, mji wa milimani Italia, mwanzoni mwa Oktoba kuuza sumaku za kulainisha maji ya bomba. Saa mbili zilimtosha kugundua kwamba watu wa Feltre wanayapenda maji yao yalivyo. Akaingia baa ya mtaa wa Fontanelle, akaagiza glasi ya divai nyeupe, akakaa karibu na meza yenye kelele. Mtu wa kazi yake akishindwa kuuza, husikiliza.

"Yuro sita na nusu mfuko mmoja wa peleti!" alikuwa anasema mzee mnene mwenye mikono ya mchinjaji, na kweli alikuwa mchinjaji mstaafu, Oreste Turrin. "Kilo kumi na tano tu! Kwa bei hiyo afadhali nichome mkate."

"Chukua za nne basi," akajibu bibi mwembamba bila kuinua macho kutoka kwenye karata zake. "Halafu Januari uniite nije kukusaidia kuchimba majivu yaliyoganda jikoni mwako kwa tindo."

"Mwaka juzi nilichukua za nne, zikawaka."

"Ziliwaka wapi? Ulikuwa unalala na koti, Oreste. Mtaa mzima tunajua."

Baa nzima ikaingia kwenye ubishi. Mmoja akasema peleti nyeupe ndizo zenye moto safi. Mwingine akasema nyeusi ndizo zenye joto, nyeupe ni za kuonyesha wageni. Wa tatu akasema rangi ni kazi ya wapaka rangi, peleti hununuliwa kwa pua. Walibishana nusu saa, wakagonga meza, mtu mmoja akatoka kwa hasira na kurudi kwa sababu alikuwa amesahau kofia.

Duilio alikuwa mtoto wa Padova. Alikulia kwenye nyumba ya gesi, ambako joto hutoka ukutani na hakuna anayeliongelea. Hakuwahi kuona watu wazima wakigombana juu ya maranda yaliyosagwa, yakashindiliwa na kukatwa vipande vifupi vya unene wa penseli, vya kuchoma kwenye jiko la kupasha nyumba joto. Akafikiri, kwa utaratibu, kama msomi: watu hawawezi kugombana kiasi hiki juu ya kitu walicho nacho. Hawa hawana peleti, na baridi inakuja.

Kabla divai haijaisha alikuwa ameshajua kwamba bibi mwembamba anaitwa Ersilia Slongo, kwamba nyumba arobaini na moja za Fontanelle hununua peleti kwa pamoja, na kwamba yeye ndiye mwenyekiti wa chama hicho. Kila nyumba huchoma mifuko sabini na zaidi kwa msimu. Duilio alizidisha kichwani, akaomba glasi ya pili.

Siku tatu baadaye aliuza gari lake. Lilikuwa Lancia la rangi ya divai, limetunzwa vizuri, na ndicho kitu pekee duniani ambacho Duilio alikuwa amekilipia kwa haki. Kwa fedha ile akanunua mifuko elfu tatu ya peleti kutoka kiwanda cha samani kilichofungwa huko bondeni. Zilikuwa peleti kwa jina tu. Ndani yake kulikuwa na milango ya zamani, makabati, sakafu, gundi na rangi ya aina saba. Muuzaji alimwambia, kwa ungwana wa watu wa fani moja, asizichome ndani ya nyumba. Duilio akamjibu kwamba hana nia hiyo. Akazihamishia kwenye mifuko mipya iliyochorwa msitu wa misonobari na kulungu mmoja anayetazama mbali, akakodi ghala karibu na stesheni ya Feltre mpaka mwisho wa Novemba.

Mpango ulikuwa mwepesi. Mifuko elfu tatu kwa yuro nne na nusu kila mmoja, malipo wakati wa kushusha mzigo, na yeye yumo kwenye treni kabla jiko la kwanza halijaanza kukohoa. Kama ungeshindikana, hana gari, hana fedha, na ana elfu tatu ya milango iliyosagwa.

Kwa maonyesho alihitaji peleti za kweli. Alikwenda duka la vifaa, akanunua mifuko michache ya zile za sita na nusu, bora kuliko zote, akazimimina kwenye mifuko ya kulungu. Hapo ndipo alipotumia fedha kwa ajili ya ubora kwa mara ya kwanza maishani mwake, na ilimuuma.

Jumamosi alisimama kwenye baa ile ile, amevaa suti.

"Wazee wangu, mama zangu," alisema, "sikuja kuuza. Nimekuja kuonyesha. Glasi ya maji, tafadhali."

Alidondosha peleti kumi. Zikazama zote, zikafumuka polepole, zikawa unga laini, na maji hayakubadilika sana rangi. Watu wakasogea. Akawapa wanuse. Oreste alivuta hewa mpaka macho yakamtoka.

"Msonobari," alisema. "Msonobari mtupu."

"Sikutia kingine, hata uongo," alisema Duilio, na watu wakacheka.

Bibi Ersilia hakucheka. Alichukua peleti moja, akaivunja kwa vidole, akatazama mvunjiko wake, akaitia mdomoni, akaitema kwenye leso.

"Bei?"

"Nne na nusu, mama. Mpaka mlangoni."

"Nne na nusu." Alikunja leso. "Unazipataje kwa bei hiyo?"

"Nina mtu."

"Kila mtu ana mtu. Basi, kijana, tutajaribu."

Duilio, mwenye miaka hamsini na mbili, aliinama kwa heshima. "Nitawaletea mfuko wa kujaribu."

"Mitatu."

"Mifuko mitatu? Haina shida, mama."

"Mitatu kila nyumba."

Duilio aliendelea kutabasamu, ila tabasamu lilibaki peke yake usoni.

"Mfuko wa kwanza unasukuma nje mabaki ya zamani," Bibi Ersilia alimweleza, kama mtu anayemweleza mtoto namna ya kufunga viatu. "Wa pili unalizoesha jiko. Wa tatu ndio unaosema. Na majivu utayatoa wewe mwenyewe, kwa mkono wako, na kuyapima mbele ya mwenye nyumba. Mimi nilipima maziwa miaka thelathini kwenye kiwanda cha ushirika hapa. Mwenye maziwa ndiye anamimina. Hakuna mtu anaweza kusema kaibiwa."

Inafaa msomaji ajue kwamba katika miaka hiyo thelathini Bibi Ersilia aliwakamata majirani kumi na wanane waliotia maji kwenye maziwa, mmoja wao akiwa kaka yake. Duilio hakuelezwa hili, wala hakuuliza.

Arobaini na moja mara tatu ni mia moja ishirini na tatu. Alirudi duka la vifaa. Aliporudi chumbani alikopanga jioni ile saa yake ya mkononi haikuwepo, lakini hesabu bado ilikuwa upande wake: ukiwekeza kidogo ili kupata kingi, huitwi mjinga, unaitwa mfanyabiashara.

Kwa kuwa hakuwa na gari, aliazima toroli kwa padri. Mtaa wa Fontanelle umejengwa kwenye mteremko, na aliyeujenga hakuwahi kubeba kitu. Siku ya kwanza Duilio alipandisha mifuko kumi na minane akiwa na tai. Siku ya pili tai ilibaki chumbani. Siku ya tatu alikuwa amepiga magoti mbele ya jiko la Bibi Gemma Cecchet, ghorofa ya nne, akikwangua majivu kwa kijiko huku Bibi Gemma amesimama nyuma yake na miwani miwili.

"Huko kwenye kona umeacha."

"Naona, mama."

"Na kioo."

"Kioo hakina majivu, mama."

"Kina moshi. Moshi si majivu yaliyopanda?"

Akafuta kioo. Kuanzia hapo alifuta vioo arobaini na kimoja, maana habari ilishuka mtaani haraka kuliko toroli.

Wiki ilipoisha alipeleka matokeo kwa Bibi Ersilia: gramu hamsini za majivu kwa mfuko, konzi moja tu. Alikuwa na mkataba mfukoni.

"Nzuri sana," alisema Bibi Ersilia. "Lakini wiki hii ulivuma upepo wa kusini. Dohani zinavuta vibaya. Hatuwezi kuhukumu."

"Mama, gramu hamsini!"

"Za upepo wa kusini. Unataka watu waseme umependelewa?"

"Kwa hiyo?"

"Mitatu tena kila nyumba. Kama una haraka, tutaelewa. Kuna muuzaji mwingine kutoka Bassano amepiga simu."

Hakukuwa na mwingine kutoka Bassano. Duilio, ambaye kwa miaka thelathini alikuwa amewauzia watu wa mkoa wa Veneto hofu ya mnunuzi mwingine, safari hii aliinunua mwenyewe. Aliuza koti lake la ngozi na sumaku zote za maji, kwa hasara, kwa fundi bomba aliyekuwa anajua hazifanyi kazi.

Duru ya pili ilikuwa na baridi. Watu walianza kumngoja mlangoni. Walimlisha supu ya shayiri na maharagwe, wakamwita kwa jina, wakamtuma. "Duilio, ukishuka nichukulie mkate." "Duilio, jiko langu linapiga kelele." Alijifunza kwamba kila jiko lina tabia yake: la Cecchet linataka kupigwa ubavuni, la mwalimu mstaafu halitaki kuguswa kabla halijapoa vizuri. Mara moja tu, siku ya Jumanne, alipomfikiria Bibi Gemma akimimina ile milango iliyosagwa kwenye jiko lake safi, dhamiri ilimgusa. Akapambana nayo, akaishinda.

Chumbani kwake mambo yalikuwa magumu. Alikuwa amepanga kwa Oreste, ghorofa ya juu, chumba chenye jiko dogo la peleti. Zile nzuri alikuwa amezigawa zote. Ikabidi alete mfuko mmoja wa zile za ghalani. Jiko liliwaka kwa dakika kumi, likatoa mlio kama paka aliyekanyagwa, likazima. Oreste alipanda ngazi akihema.

"Nani anapaka rangi humu?"

"Hakuna anayepaka, mzee."

"Kunanuka mlango."

"Mlango gani?"

"Sijui. Mlango unaoungua."

Duilio alifungua dirisha, akalala na koti alilobakiwa nalo, lile la mvua.

Duru ya tatu sababu yake ilikuwa namba za majiko, zile za kuongeza na kupunguza moto. Wengine walijaribu kwenye namba mbili, wengine kwenye namba nne, na Bibi Ersilia alisema mizani lazima iwe moja. Duilio hakubisha. Mtu aliyekwisha kubeba mifuko mia mbili arobaini na sita kwenye ngazi hawezi kuacha kwa ajili ya mia moja ishirini na tatu; akiacha, ile ya kwanza yote inageuka kuwa ujinga. Akauza pete. Mwenye duka la vifaa alimkumbatia na kumpa kalenda ya mwaka ujao.

Tarehe ishirini na saba Novemba, saa kumi jioni, chama kilikutana kwenye ukumbi wa kiwanda cha zamani cha maziwa. Theluji ilikuwa imeanza. Watu arobaini na mmoja walikaa kwenye mabenchi, wamepata joto, mashavu mekundu. Duilio alisimama mbele, amekonda, suti ina majivu kwenye magoti, kalamu iko tayari. Zilibaki siku tatu za ghala.

Bibi Ersilia alivaa miwani. "Majivu: gramu hamsini, duru zote tatu. Mawe ya majivu kwenye kikombe cha jiko: hakuna. Vioo: safi."

"Vioo alivifuta mwenyewe," alisema Bibi Gemma, kwa ajili ya haki.

"Imeandikwa. Bei: nne na nusu mpaka mlangoni. Nani anasema peleti hizi ni nzuri na bei hii ni nzuri?"

Mikono arobaini na mmoja ilipanda. Duilio alitafuta neno la shukrani, na kwa mshangao wake halikuwa uongo.

"Basi tutazinunua," alisema Bibi Ersilia.

"Asanteni," alisema Duilio. "Asanteni sana. Naleta kesho asubuhi. Malipo wakati wa kushusha, kama ilivyo desturi."

"Kesho?" Bibi Ersilia alimtazama juu ya miwani. "Kesho tutaziweka wapi?"

"Kwenye stoo zenu, mama."

"Njoo uone stoo."

Walishuka ngazi za mawe, yeye, Bibi Ersilia na Oreste aliyebeba tochi ingawa taa ilikuwepo. Chini kulikuwa na chumba kirefu ambamo zamani jibini ilikuwa inakomaa. Sasa kilikuwa kimejaa mifuko, safu juu ya safu, kutoka sakafuni mpaka kwenye dari, mpaka mwisho wa mwanga, na njia nyembamba katikati ya kupita mtu mmoja asiyekula sana.

"Hii ni nini?" aliuliza Duilio, ingawa alikuwa anaona.

"Baridi ya mwaka huu," alisema Oreste. "Hatujaigusa hata kidogo. Kwa hisani yako."

"Tulinunua Mei," alisema Bibi Ersilia. "Tunanunua Mei kila mwaka, bei ikiwa imelala. Nne na themanini. Hapa hakuna mtu ananunua peleti Oktoba, bwana Zanforlin, labda aliyeunguliwa na nyumba."

"Lakini mlikuwa mnagombana! Baa nzima! Bei, ubora, nyeupe, nyeusi!"

"Oktoba ndiyo tunawasha. Mtu akiwasha lazima agombane, ama sivyo atajuaje kama alinunua vizuri? Tukimaliza peleti tunaanza siasa."

Duilio alishika ukuta. "Na hamkuniambia."

"Hukuuliza. Ulisema una peleti nzuri, tukasema tutajaribu. Tumejaribu. Na zikiwa bado zipo Mei, kwa bei ile ile, tutanunua zote. Tumepiga kura, umeona."

Alimwelekeza mfuko wa karibu. Duilio aliinama akasoma jina la kiwanda. Ndilo jina lililokuwa kwenye mifuko ya duka la vifaa, ile aliyoikata kwa kisu mara mia tatu sitini na tisa na kuimimina kwenye kulungu.

"Kiwanda kiko bonde la pili," alisema Bibi Ersilia. "Mpwa wangu ndiye anaendesha mashine. Hata yeye hawamuuzii Oktoba kwa nne na nusu. Uliponitajia bei, na mimi nimeshaitambua peleti mdomoni, nikajua kuna uongo mahali. Unaweza kuwa kwenye peleti au unaweza kuwa kwako. Peleti tumezipima mara tatu kwa uaminifu. Hazina uongo."

"Tumebaki na wewe," alisema Oreste, bila uchungu wowote.

Juu watu walikuwa wanavuta mabenchi na mtu alikuwa anafungua chupa.

"Zile za ghalani," aliuliza Oreste, "ziko ngapi?"

"Elfu tatu."

"Zinawaka?"

Duilio alifungua mdomo. Maneno mazuri yalikuwepo, yamepangwa kama kawaida, msonobari, mpaka mlangoni, nina mtu. Akayatazama yakipita.

"Hapana," alisema.

Bibi Ersilia akatikisa kichwa kukubali, kama alivyokuwa akifanya zamani maziwa yakifika kwenye mstari wa kipimo.

"Jiko la chumbani kwako nimelichimba kwa tindo asubuhi," alisema Oreste. "Linapumua tena. Usilitie mlango mwingine."

"Treni ya leo imekwama kwa theluji," alisema Bibi Ersilia. "Utahitaji mfuko wa usiku. Nina za aina mbili. Hizi za Mei, kwa mtu wa nje ni bei ya leo, sita na nusu. Na pale pembeni kuna mifuko minne ambayo Oreste alinunua kwa ukaidi wake, yuro nne. Chagua."

Duilio alikwenda pembeni. Aliusukuma mfuko wa yuro nne kwa kiatu, akausikia unga ukiteleza chini mahali ambapo peleti zilipaswa kugongana. Alichana kona kidogo, akanusa. Akarudi. Alitoa sarafu kwenye mfuko wa suruali, akazihesabu kwenye kiganja chake cheusi cha majivu, zikatimia sita na nusu, na nauli ya treni ikabaki pungufu kidogo.

"Hii," alisema.

"Hutaki nikupunguzie?"

"Kwa peleti hizi?" alisema Duilio Zanforlin. "Utakuwa unanidanganya."

Akautupa mfuko begani kwa mkono mmoja, kama mtu aliyezaliwa Fontanelle, akapanda ngazi.